Raba za Kabula

Jumamosi, Agosti 1957

"Acha ushamba." Ndivyo nilivyomwambia Kabula mbele ya wenzake, na tangu hapo maneno hayo hayanitoki.

Alikuwa ameshafika kwenye mstari wa kuanzia mbio za maili moja, amevaa raba zangu nilizomwazima. "Mwalimu, naomba nivue," alisema. "Zinanishika miguu." Nikatazama viti vya wageni, nikamwona mke wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na kofia yake, nikaona haya mwanafunzi wangu akimbie peku mbele yake.

Wasichana wa shule ya Malampaka walianza kumzomea tangu mzunguko wa kwanza: "Bata kavaa viatu! We bata, utafika kesho!" Alijikwaa mara mbili, akawa wa tatu. Anayekwenda Mwanza kwenye mashindano ya jimbo ni wa kwanza peke yake, na Kabula alikuwa hajawahi kupitwa na mtu.

Washindi wetu wa maili wameandikwa kwenye ubao wa ofisini. Jina la juu kabisa ni langu. Mimi nilikimbia peku, na hakuna mgeni aliyenicheka...

Jioni alinirudishia raba. Alikuwa amezifua na kuzipaka chaki, nyeupe kuliko nilivyompa. Visigino vyake vimechubuka. Akapiga goti.

"Unisamehe, Mwalimu. Nimeiangusha shule."

Nilitaka kumwambia kosa ni langu. Nikapokea raba, nikasema, "Haya, nenda ukale."