Habari za Asubuhi, Mpenzi

Jumatatu, 11 Mei
Nakaanga maandazi ya kikao cha harusi. Mikono yote unga. Ujumbe wa Dada Rehema wa kwaya: amenitumia namba sita kimakosa, nimrudishie. Nikamrudishia kwa kidole cha mwisho, simu ikajaa mafuta. Maandazi yametoka mazuri sana.

Jumanne, 12 Mei
Akaunti yangu ya ujumbe kwenye simu imenifungia nje. Kumbe Rehema naye aliibiwa yake juzi. Wa jana hakuwa yeye. Sasa mwizi ndiye mimi. Kwa picha yangu ya kitenge cha kijani anawaandikia wageni wote watume michango kwa namba mpya. Na harusi ni Jumamosi! Zawadi, binti yangu, bibi harusi mwenyewe, kaja mpaka kwangu Hagsätra, huku Stockholm, kunifokea: "Mamma, hizo namba ndizo nyckeln! Umempa mtu ufunguo wa nyumba." Najiona mjinga. Akitapeliwa hata mgeni mmoja, nitaingia ukumbini na uso gani?

Jumatano, 13 Mei
Mzee Bakari, mwenyekiti wa kamati, kafungua kundi jipya, katuingiza wote. Wote! Hata namba yangu, mwizi akiwa ndani yake. Tunachungulia kwa simu ya Zawadi. Mzee kashtuka, katoa amri: kila mtu amsalimie, atajua nani ni nani. Shikamoo zikamiminika. Mimi bandia nikaandika: "Habari za asubuhi, mpenzi."

Mpenzi! Mzee Bakari! Mbele ya mkewe! Katolewa papo hapo.

Zawadi, mzaliwa wa Stockholm, naye akaandika mbio: "Marahaba, mzee!" Katolewa vilevile. Bibi harusi kafukuzwa kwenye harusi yake. Nimecheka mpaka kwikwi.

Alhamisi, 14 Mei
Zawadi kaomba namba sita mpya. Zimekuja kwenye simu yangu. Mwizi nje, mimi ndani. Nimeongeza neno la siri, hata mchungaji simwambii. Hakuna aliyetuma kitu. Kumbe kila mgeni aliitwa mpenzi, wote wakashtuka. Furaha niliyonayo! Mke wa Mzee Bakari sasa ananiita mke mwenza.

Jumapili, 17 Mei
Harusi imepita, maharusi wameondoka. Nyumba kimya. Sufuria la pilau limelowekwa. Miguu inauma kwa kucheza.

Ujumbe wa Zawadi: "Shikamoo mama. Tumefika salama."

Shikamoo, mahali pake kabisa. Nikaingiwa na wasiwasi, nikampigia kwanza.

Ni yeye. Nimemjibu marahaba.