Mgomba wa Kichwani na Ndege ya Jioni

Baba Mugisha,

Watu wengi wanakosea jambo moja: wanadhani kilichowaweka watoto mbali na nyumbani ni njia. Ndefu, mbovu, ghali. Shusheni nauli, wanasema, watoto watarudi. Hata mimi nilisema hivyo, na wewe ulikufa ukiamini hivyo.

Unakumbuka? Mugisha alikuwa ndani ya basi kutoka Dar es Salaam, nawe kila ulipofumbua macho uliuliza, "Amefika wapi?" Nikakujibu Singida. Baadaye nikakujibu Nzega. Ukacheka kidogo na kifua chako kibovu, ukasema, "Basi hilo linavutwa na ng'ombe." Ulipouliza tena nilijibu Kahama, lakini hukunisikia.

Aliingia hapa Ijumbi tumeshakulaza sebuleni. Hakulia. Alisimama mlangoni na vumbi la safari, akaniambia, "Ndege zipo, Mae. Ila ni za wakubwa." Neno hilo halikumtoka moyoni.

Ngoja nikueleze yaliyofuata, polepole, maana wewe ulipenda kuelewa kitu mpaka mzizi wake. Shirika la ndege la taifa lilizaa kampuni ndogo ya nauli nafuu. Mugisha akaomba kazi huko, akapata. Aliponipigia simu alisema, "Sitaki mtoto mwingine wa Kagera amkute baba yake amekwisha kulazwa sebuleni." Nililia siku hiyo, na yalikuwa machozi mazuri.

Kazi yao iko hivi. Tiketi unayonunua ni kiti tu. Ukitaka maji, unalipia. Ukiwa na mzigo, unalipia. Cha bure ni kibegi kimoja kinachoingia chini ya kiti. Na ndege hairuhusiwi kupumzika. Ikikaa chini inakula, ikiwa juu ndiyo inazalisha. Kwa hiyo ikitua, hawa washuke, wale wapande, iondoke. Kazi ya mwanao ndiyo hiyo hasa: kupunguza muda wa ndege kukaa chini. Wanasema ana kipaji.

Na imekua, Baba Mugisha. Ilianza kwa kuja Bukoba mara mojamoja, watu wakienda uwanjani kuishangaa. Sasa inatua asubuhi na jioni, na inakwenda hata miji ambayo mimi niliifundisha darasani bila kuiona. Sitasema ubaya wake. Wagonjwa wanawahi. Wauza senene wa mjini wanaishukuru. Hata jirani yetu Ma Koku, ambaye hakuwahi kuvuka Biharamulo, amekwenda kumwona mjukuu wake na kurudi, na sasa haambiliki. "Mwalimu," ananiambia, "wewe ulitufundisha mawingu ni mvuke. Mimi nimeyaona kwa juu. Ni ugali!"

Lakini huyu mwana wa kwetu.

Enzi za basi, Mugisha alikuja mara moja kwa mwaka, na akija alikaa. Njia yenyewe ilimlazimisha. Mtu hawezi kuteseka kiasi kile halafu ageuze kesho yake. Alikaa mpaka akaanza kugombana na wewe, na hapo nilijua amefika nyumbani. Siku hizi anakuja na ndege ya asubuhi, anakodi gari Bukoba, anaingia hapa mchana, na jicho lake moja liko kwenye saa. Nampa kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa kila anayekanyaga kizingiti hiki, naye anaitia mfukoni. "Nitaitafuna njiani, Mama." Namwambia kahawa hiyo si ya njiani, ni ya kukaa. Anacheka.

Alipozikwa mdogo wako kule Maruku, Mugisha alifika, akatupa udongo wake, akaondoka kabla watu hawajanawa mikono. Matanga aliyasikia kwa simu. Waombolezaji wamewapa jina watoto wa namna hiyo: wageni wa kibegi. Mzee mmoja alisema kwa sauti, nami nimekaa pale pale kwenye majani, "Yule amekuja kuzika au kukagua?" Watu walicheka. Niliinama nikajifanya natafuta kiatu.

Na jambo hili sijamwambia mtu. Unajua kwetu mtoto hatoki mikono mitupu. Safari iliyopita nilimfungia mkungu wa nshakala, ndizi zetu za kupika, ule mnene wa nyuma ya jiko, nikaufunika majani vizuri. Aliupokea kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata yule dereva wa Bukoba aliyemrudisha uwanjani alipita hapa na abiria mwingine, akashuka kunisalimu. "Shikamoo Bibi. Ndizi zako tamu, wanangu wamelamba sufuria." Nikajibu marahaba, nikamwambia karibu tena. Nilifanya nini kingine? Mkungu hauingii chini ya kiti.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Mugisha anataka nihamie Dar es Salaam, na kibanja hiki, nyumba na migomba yake, apewe mtu anayetaka kujenga nyumba za wageni, kwa sababu ndege zimeleta watalii na barabara inapita hapa juu. Akisema maneno hayo haniiti Mama, ananiita Mae, kama alipokuwa mdogo anataka sukari. "Mae, kaburi la Tata litajengewa uzio mzuri. Ukitaka kuliona, unapanda ndege asubuhi, jioni umerudi. Nauli siku hizi si kitu."

Nauli si kitu. Ndiyo maana naogopa, Baba Mugisha. Kisichogharimu kitu kukifikia hakigharimu kitu kukiacha.

Na mgomba wako unakufa. Ule wa kichwani pa kaburi lako, uliouotesha mwenyewe Mugisha alipozaliwa. Umeshikwa na mnyauko. Majani yananing'inia kama yamemwagiwa maji ya moto, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Bwana shamba ameniambia ung'olewe na mizizi yake, ufukiwe, la sivyo utaambukiza kibanja chote. Kibarua angeimaliza kazi hiyo kabla ya chai. Nimekataa. Mgomba wa kichwani pa mwenye nyumba hauguswi na mtu wa nje wakati mrithi yu hai, ulinifundisha wewe. Kwa hiyo nimengoja, na kwa kungoja kwangu miwili ya jirani yake imeanza kulegea.

Leo tumetoka kanisani kwenye misa ya kukukumbuka. Mugisha amekuja. Amesimama hapa kaburini na kibegi chake begani, nami nakusomea barua hii kwa sauti, ili aisikie bila mimi kumtazama. Gari limegeuzwa tayari, linaangalia Bukoba.

Lala salama, mume wangu. Naahidi sitahama. Kibanja kikisimama nitakaa ndani yake. Kikifa chote, nitakaa juu ya udongo mtupu mpaka waniweke ubavuni pako. Hilo halitegemei mtu mwingine, ndiyo maana naweza kuliahidi.

Mstari huu wa mwisho si wako, nisamehe. Mugisha, jembe la baba yako limeegemea ukuta wa jiko: weka kibegi chini, ung'oe mgomba huu leo, hata kama ndege itakuacha.