Masanduku Niliyoyavunjisha

Jumatatu, 1 Septemba

Mvua tena. Boda imeteleza kwenye kona ya kanisa, nusura tulale kwenye mtaro. Nimefika kituo cha kununulia kakao nimelowa chapachapa, na watu wameshapanga mabeseni. Kakao mbichi, bado na ute wake mweupe. Nimechambua mpaka mgongo umeuma. Mambo yaleyale: mbegu ndogondogo, nyingine zimeota, maganda yamefichwa chini.

Nzuri wanaziacha nyumbani. Najua, maana hata Mama anafanya hivyo. Kila nyumba hapa Bwera una sanduku la mbao nyuma ya jiko. Wanafunika kakao humo na majani ya ndizi, inachacha siku sita, wanaanika, halafu Ijumaa wanawauzia wafanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya Kongo, kwenye soko la mpakani Mpondwe. Sisi tunaletewa makapi.

Meneja wetu, Prakash, ni mtu wa Hyderabad. Hali nyama, hapigi kelele, mpole mpaka inakera. Kampuni yake iko Mumbai. Walimtuma ajenge masanduku makubwa ya kuchachushia, ili kakao yote iwe na ladha moja. Amejenga. Yamekaa nusu tupu, na kila asubuhi Mumbai wanampigia simu kumuuliza kwa nini. Leo na yeye ameniuliza mimi. Nimemwambia wazi: maadamu sanduku liko nyuma ya jiko, la kwako halitajaa. Ameandika kwenye daftari.

Alhamisi, 4 Septemba

Maneno yangu yamekuwa sheria. Siku tatu tu Mumbai wamekubali. Choo cha wafanyakazi tunakiomba tangu Pasaka.

Anayevunja sanduku lake anapata kadi ya kijani na bei ya juu. Anayebaki nalo asilete kakao kwetu. Ushahidi ni picha. Mpiga picha ni mimi, kwa sababu mimi ni mtu wa hapa, nitasikilizwa. Prakash ameuliza mara mbili, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Masika, watu hapana kasirika?" Nikamwambia watu wangu niachie mwenyewe.

Nimefurahi. Nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe. Nimefurahi sana.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeanza na Mama. Akivunja yeye, kijiji kizima kitafuata.

Sanduku lake alilitengeneza Baba, Mungu amrehemu. Mbao alizitoa Kilembe, kwenye nyumba ya wachimba shaba iliyobomolewa na mto Nyamwamba. Zimekuwa nyeusi kwa miaka, zinanuka siki. Sanduku kuukuu ndilo linalochachusha vizuri. Jipya linahitaji misimu kadhaa kabla halijajua kazi. Hilo pia nililijua wakati nimesimama pale na simu mkononi.

Mama kaniuliza: "Sanduku ya baba yako inakosea kampuni nini?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kama ninavyofundishwa kwenye mikutano. Mama ni mtu wa Butembo, aliolewa upande huu, na mpaka leo anaongea kama wa kule. Akasema: "Kama mie nakataa, batu bengine batakusikiya namna gani?" Akachukua shoka mwenyewe.

Nikamwambia, Mama, cheka kidogo, Mumbai wataona. Akacheka. Nikapiga picha.

Mbao mbili zilizobaki nzima akazitenga kwa banda la mbuzi. Zingine tumepikia maharagwe.

Jumatano, 10 Septemba

Nyumba kumi na moja leo. Miguu imekufa.

Biira kanisumbua. Mjane, jirani yetu, shamba lake ndilo linalolisha watoto wanne. Aliuliza swali moja tu: na kampuni ikiondoka? Nikamcheka. Nikamwambia nenda kaone zile simenti walizomwaga pale kituoni, mtu anayetaka kuondoka hamwagi simenti. Akaenda kuona kweli. Amerudi, amevunja.

Jumanne, 23 Septemba

Masanduku ya kituo yamejaa mpaka juu. Prakash ametuletea peremende kutoka Kasese, amempa hata mlinzi wa geti. Picha yangu imewekwa kwenye ripoti ya mwezi. Nilikuwa nimevaa kitambaa changu cha kijani. Nimemwonyesha kila mtu, pamoja na Padri.

Mpondwe wafanyabiashara wa Butembo wanalia. Walie tu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wageni. Wazungu wawili na Mhindi mmoja wa Mumbai, gambuti mpya zinang'aa. Kumbe wakubwa wetu nao wana wakubwa wao. Hawa Wazungu wameingiza hela kwenye kampuni na sasa wanazunguka kuangalia walichonunua. Walikaa nusu saa. Hawakuonja hata mbegu moja.

Mmoja akamuuliza Prakash, na wakulima wakiamua kumuuzia mtu mwingine? Prakash akajibu kwa Kiingereza: hawana pengine pa kwenda. Akaninyooshea mkono, kama kunipa sifa. Mimi nikatabasamu.

Jioni maneno hayo yamenirudia nikiosha vyombo. Hawana pengine pa kwenda. Sijayapenda.

Jumanne, 21 Oktoba

Prakash kaniita stoo, akafunga mlango. Uso wake ulikuwa wa majivu. Bei ya kakao imeshuka huko duniani. Wenye hela wanataka vituo vikubwa tu, vidogo vikatwe. Bwera ni kidogo. Mzigo ujao wa watu ni Ijumaa, lakini kuanzia kesho hatupokei. Wenzake wa Mumbai wamebishana nao siku nne, wameshindwa.

"Usiambie watu bado," alisema. Wanasubiri barua rasmi. Labda watabadilisha mawazo, anawaandikia tena leo.

Nikasema sawa. Kwa nini nilisema sawa? Kakao kavu inaweza kusubiri mwezi mzima chini ya kitanda. Mbichi haisubiri hata siku mbili. Ukishapasua tunda, umeshapasua.

Jumatano, 22 Oktoba

Asubuhi nimekutana na Biira njiani, panga begani, wanawe wote nyuma. Msimu umekolea, anakwenda kuvuna. "Wabukire, Masika," akanisalimu. Nikaitikia. Nikamwambia kazi njema.

Mdomo wangu huu. Kazi njema!

Alhamisi, 23 Oktoba

Prakash ameitwa Kampala. Kabla hajapanda gari kaniachia funguo za geti na banda la masanduku, nisimpe mtu. Barua bado.

Mashambani wanapasua matunda. Nasikia panga mpaka hapa kituoni. Naweza kutoka sasa hivi, nipande boda, nipite nyumba kwa nyumba kama nilivyopita mwezi ule. Sijatoka. Naogopa kazi yangu. Naogopa pia wataniuliza nilijua tangu lini. Mwoga mimi, mwoga kabisa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Naandika hii nguo bado zimelowa.

Saa moja asubuhi walikuwa wameshafika. Mabeseni, ndoo, magunia ya nailoni kwenye boda, mengine kwenye baiskeli. Foleni mpaka barabarani. Geti limefungwa. Mlinzi, Baluku, zamani alikuwa jeshini na bado anajiona huko. "Rudi nyuma! Hakuna amri ya kufungua!" Watu wakamwambia kwa heshima, afande, tunaleta kakao tu. "Rudi nyuma, nimesema!"

Nikampigia Prakash. Nikamwomba wachachushe tu, masanduku yapo, yako tupu, hatununui, tunawaazima siku sita. Akasema amewauliza Mumbai. Mumbai wamesema hapana, mtu akiumia ndani ya uwanja kampuni itashtakiwa. Sauti yake ilikuwa inakatika. Nikamwambia, bwana, nina funguo mfukoni. Akasema, "Tafadhali, Masika. Usifanye."

Nikatii.

Biira alikuja mpaka kwenye vyuma vya geti. "Masika, kunani? Kampuni iko wapi?" Nikamwambia kampuni imesimamisha. Tangu lini? Nikamwambia Jumanne. Hakutukana. Afadhali angetukana. Alisema tu, "Juzi uliniambia kazi njema," akarudi kukaa juu ya magunia yake.

Mvua ilianza saa nane. Hawakuondoka. Ute ulikuwa unatiririka kutoka kwenye magunia mpaka kwenye mtaro, mweupe.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimefungua. Alfajiri, Baluku alipokwenda kunywa chai. Nimefungua geti na banda, nikawaita wote. Tumebeba sisi wenyewe, Mama na mimi na Biira na wengine.

Gunia la kwanza tulipolifungua nilijua. Hiyo siyo harufu ya siki. Ni harufu ya kitu kilichokufa. Katikati imekuwa uji, juu ina ukungu. La pili vilevile. Tumemwaga hata hivyo, tumefunika na majani, labda. Hakuna labda. Nimechambua kakao miaka saba, najua.

Ningefungua jana. Jana asubuhi, saa moja, ilikuwa bado nzima.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikwenda misa.

Jumatano, 29 Oktoba

Barua imefika. Zimefika mbili. Moja inasema kituo kimefungwa. Nyingine ni yangu: nimefukuzwa kwa kufungua mali ya kampuni bila ruhusa. Ya kufukuzwa imeandikwa vizuri kuliko ile ya watu.

Lori limekuja kuchukua masanduku makubwa. Yaliyokuwa na kakao waliyapindua pale pale uwanjani, rundo jeusi, nzi. Wanawake wakasimama kuangalia mbao zinapakiwa, mbao nzuri, nene, zinakwenda Kampala kukaa stoo.

Prakash amepiga simu. Na yeye ameondolewa, anarudi kwao. Alisema samahani mara nyingi, akasema mama yake pia anauliza atafanya nini sasa. Namwamini. Lakini sikumwambia "si kitu". Ni kitu.

Jumanne, 4 Novemba

Waliokuwa na matunda bado mtini wamejaribu kuchachusha chini, kwenye majani matupu. Mvua imeosha. Imetoka nusunusu, zambarau ndani, dalili kwamba haikuchacha. Mpondwe wafanyabiashara wa Butembo wanakata mbegu moja, wanacheka, wanataja bei kama wanakupa sadaka. Wamesikia yote. Mmoja aliniuliza sokoni kama ni mimi yule dada wa picha.

Biira ametoa watoto wawili shule. Sikuambiwa na mtu, nimewaona asubuhi wakipalilia shamba la mtu.

Jumamosi, 8 Novemba

Hakuna mvua leo.

Mama amevunja banda la mbuzi. Nilimkuta anasugua zile mbao mbili za Baba kwa maji na majivu. Ameshamwita fundi, amempa mbao mpya nne za mkaratusi za pembeni. Za zamani ameziweka chini kabisa, kama sakafu. Nilimuuliza kama zitasaidia. "Zinajua kazi," alisema. "Mupya zitajifunza." Misimu mingapi hakusema.

Mchana Biira amekuja na beseni moja. Hakunisalimu. Amempa Mama, amekaa kwenye kigoda, wameongea habari za mbuzi. Nimekata majani ya ndizi, nimeyapitisha kwenye moto yalainike, nimeyapanga ndani ya sanduku. Biira alinyanyuka akalivuta moja lililokuwa limekaa upande, akalinyoosha. Halafu akamimina kakao yake.

Mama akafuta mikono kwenye kitenge. "Leta simu yako," akasema. "Ile siku ulipiga. Na leo upige."

Nikafungua simu. Zote zimo bado, nyumba kwa nyumba, na ya kwanza kabisa ni yake: ameshika shoka, anacheka.

Sasa Mama amesimama kando ya sanduku jipya, mikono imening'inia. Biira amebaki kwenye kigoda, nyuma yake. Hakuna aliyecheka, na sikuwaambia wacheke. Nimepiga.