Ndege ya Boksi la Shati

Alhamisi, mwezi wa kumi. Tabora. Joto kali. Mawingu yamekaa upande wa Ntalikwa tangu asubuhi na hayasogei.

…na ndiyo maana mpaka saa hii sijafagia. Vipande vya karatasi bado viko chini ya meza, vingine vimenata sakafuni kwa gundi ya muhogo, na mimi niliyesifiwa bweni zima kwa usafi nimekaa katikati ya takataka kama mgonjwa. Bibi yake Eliasi amesema siku msafiri anapoondoka nyumba haifagiliwi mpaka habari ya kufika kwake ipatikane, usije ukafagia na nyayo zake. Shuleni ningecheka. Leo nimeufunga ufagio kwa kamba nyuma ya mlango, nisije nikajisahau.

Mume wangu yuko angani.

Mume wangu! Ni majuma saba tangu tutoke kanisani, na bado neno hilo nikiliandika nalitazama kwanza, kama mtu anayetazama kitambaa kipya kabla ya kukikata. Eliasi wangu mrefu, anayeimba sauti ya tatu hata akiwa anapiga mswaki. Kazi yake ni kupima mvua na upepo pale uwanja wa ndege. Majuma matatu yaliyopita Mzungu mkuu wao alimchagua kwenda kozi ya siku kumi Nairobi. Alikuja mbio nyumbani, kofia mkononi, akanibeba juu juu mpaka nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Kisha akasema watampeleka kwa ndege.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti vizuri.

Alipoona hivyo akasema, "Basi tutaitengeneza ndege yetu wenyewe, uone inavyokaa hewani." Akalitoa boksi la shati lake la harusi, karatasi ngumu nyeupe ambayo mimi nilitaka kuitunza mpaka uzeeni, akachora juu yake ile ndege anayoiona kila juma uwanjani: mbawa mbili, mkia, tumbo la kukunja. Kila jioni baada ya chai tuliketi magoti yakigusana, yeye na wembe, mimi na gundi. Ubawa wa kwanza aliukata juu ya mstari kabisa, nadhifu kama cheti, pasipo mahali pa kupaka gundi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

"Na mshono utaushikia wapi, fundi?"

"Ndiyo maana nimeoa msomi," akasema, akanipa wembe.

Niliukata upya, nikaacha ukingo wa upana wa kidole, kama tulivyofundishwa kwenye ushonaji. Zilikuwa jioni tamu kuliko zote nilizowahi kuishi. Lakini ilipokauka na Eliasi akairusha kutoka mlangoni, iliinua pua juu, ikasimama kidogo hewani kama inayofikiri, ikaanguka kwa mkia. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu vilevile. Yeye alicheka. Mimi niliiokota nikaiweka juu ya kabati.

Sasa niandike lile ambalo sijaliandika popote.

Eliasi alilelewa na Bibi yake huko Bukene baada ya mama yake kufariki, na hafanyi jambo kubwa pasipo neno la Bibi. Siku ileile ya habari alimwandikia barua ya kumwomba ruhusa. Akanipa mimi niipeleke posta.

Sikuipeleka.

Niliitia kwenye kopo la nyuzi. Nilijiambia kwamba Bibi akikataa, Eliasi atatii, kozi itakwenda kwa mtu mwingine, na mimi nitaishi na uso wake mwenye huzuni. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine yangu ilitaka Bibi akatae, ilitaka kwa nguvu zote, na kwa kuwa niliijua vizuri hiyo nusu niliogopa kuinunulia stempu. Siku zikapita. Eliasi akasema, "Bibi akinyamaza huwa amekubali," akaanza kupiga pasi nguo zake. Nami nikanyamaza pia.

Jana mchana hodi ikapigwa. Nikafungua. Bibi mwenyewe, kibuyu cha asali begani, vumbi la stesheni miguuni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umemficha wapi mume wetu? Tangu umchukue sijapata hata salamu. Umeniachisha?"

Ndivyo anavyonitania tangu siku ya harusi, kama mabibi wote wanavyowatania wake wa wajukuu wao, na kila mara namjibu kwa utani. Jana niliukwepa utani. Nikamkaribisha, nikampa maji, nikauliza habari za Bukene mara mbili. Macho yake yakapanda juu ya kabati.

"Na hilo dege la nani?"

Nikapiga magoti palepale na kulia. Nikalifungua kopo la nyuzi. Bibi hajui kusoma, akaipokea barua akanirudishia.

"Umeificha wewe, isome wewe."

Nikasoma. Sitaki kusoma barua ya namna ile tena maishani. Eliasi alikuwa ameandika: "Bibi, ukisema nisiende sitakwenda, wala sitanung'unika. Lakini ukisema niende, nitajua hata juu kule unanishika mkono." Nilipofika hapo nikaishusha barua. Bibi alikuwa anatazama ukuta.

Kisha akauliza, "Anaondoka lini?"

"Kesho asubuhi, Bibi."

"Nawe unaogopa?"

"Naogopa sana. Hata hii ya karatasi inaanguka."

"Irushe nione."

Nikairusha. Pua juu, ikasimama, ikaanguka kwa mkia. Bibi akaiokota, akailaza tumbo juu ya kidole kimoja, akaisogeza mbele na nyuma. Marehemu mume wake alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na kurudi mara nne, na yeye Bibi ndiye aliyekuwa akimfungia mzigo.

"Mmembebesha nyuma huyu," akasema. "Mume wangu, yule wa kwanza, siyo huyu wetu, angetoka na mzigo kama huu shingo ingekatika kabla ya Ugogo. Hamkuona? Wasomi wawili nyumba moja!"

Akafungua kibuyu, akatoa kipande cha sega, akakitia mdomoni. Akatafuna taratibu kama mtu asiye na haraka ya chochote duniani, akameza asali, akaitoa nta, akaifinyanga kati ya vidole na kuibandika kwenye pua ya ndege. Akaipima tena kidoleni. Ikatulia.

"Irushe sasa."

Ilikwenda! Ilikwenda moja kwa moja, pole pole, juu ya meza, juu ya kitanda, ikagusa ukuta wa mwisho na kulala juu ya mto wa Eliasi. Nilipiga kelele kama mtoto. Bibi hakupiga kelele. Alifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Aende. Mume wangu mimi alikwenda na walimwambia hatarudi."

Kisha akanishika sikio, si kwa utani sana.

"Kuhusu barua, mimi sitasema. Siku atakayorudi utamwambia mwenyewe, kisha mje wote Bukene kabla mwezi haujaisha. Usipomwambia nitamwambia mimi, tena nitatia chumvi."

Eliasi alipofika jioni Bibi alimkumbatia, akasema tu, "Barua yako nimesomewa." Alifurahi kiasi kwamba sikuweza kumtazama.

Leo asubuhi uwanjani Bibi alimpaka unga mweupe wa mtama, wa baraka, kwenye paji la uso, mbele ya Mzungu wake na wenzake wote, naye aliinama apakwe wala hakuufuta. Mlango ukafungwa. Ndege ikakimbia, ikainua pua. Nikangoja isimame na kuanguka. Haikusimama. Ikawa ndogo kama nta ile, ikapotea. Nikamsindikiza Bibi stesheni, akapanda gari moshi kurudi kwa kuku wake. Neno lake la mwisho dirishani lilikuwa hilo la ufagio.

Sasa ni saa tisa. Walitakiwa kufika saa sita. Nimehesabu mawingu. Nimeirusha ndege ya boksi mara kumi na nne, na kila inapotua kwenye mto naona haya, kisha nairusha tena. Je, wapo waliomwambia rubani mzigo umekaa wapi? Na kama lolote limempata, je, ameondoka akimwamini mke ambaye

Nimeacha hapo kwa sababu kengele ya baiskeli imelia nje.

Alikuwa Rashidi, mwenzake wa ofisini, jasho limemlowesha mgongo wote. Hakuteremka hata kwenye baiskeli.

"Shemeji! Simu imekuja. Mumeo amefika."

"Mzima?"

"Mzima. Ila wanasema ametapika kutoka Mwanza mpaka mwisho. Huyo ndiye mpima upepo wetu!"

Nilicheka nikiwa nimeshika nguzo ya mlango. Masikini mpenzi wangu, mwenye unga usoni na tumbo limechafuka!

Nimefagia. Vipande vyote, isipokuwa ule ubawa wa kwanza aliouharibu. Huo nimeutia kwenye kopo la nyuzi, mahali ilipokuwa barua.

Hofu haijaisha. Imebaki safari ya kurudi, na baada yake imebaki jambo ambalo nitamwambia kabla hajavua viatu. Hilo naliogopa kuliko ndege. Lakini nimechukua bahasha, nimebandika stempu kwanza, ndipo nikaandika, nami naipeleka posta sasa hivi kabla hawajafunga:

Bibi, amefika salama. Siku akirudi nitamwambia mwenyewe. Kabla mwezi haujaisha tutakuja Bukene, mimi na mume wetu, na ndege tutakuletea.