Jiwe Tulilopeleka Ukweni

Mama yangu wa Butihinda, shikamoo. Tumefika Gishubi na mvua yake. Sote wazima, isipokuwa tairi moja.

Lilipata pancha mlimani. Baba Mdogo akateremsha dumu la pombe yako ya ndizi ili tulifikie tairi la akiba, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, tukapiga jeki. Tulipomaliza kukaza nati akasema jiwe tulibebe, maana tairi hilo la akiba lina kipara kama yeye. Akaendesha polepole mno, hadi wabeba ndizi wa baiskeli wakatupita huku wanatucheka.

Ukweni Baba Mdogo akahutubia weee, akiisifu pombe ya shemeji yake, kwamba tangu turudi kutoka Tanzania hujakamua tamu kama hiyo. Kisha akafungua buti. Jiwe! Dumu tumelisahau barabarani.

Msemaji wao akalipapasa lile jiwe, akasema: “Merci! Figa moja ya jiko ya hawa watoto iko. Ile mbili ingine mutaleta lini?”

Wakacheka mpaka machozi. Binti wametupatia, Mama!

Kamua pombe nyingine, tafadhali. Mawe nitabeba mwenyewe.

Mwanao, bwana harusi wa jiwe