Sinema ya Chinjachinja

Jumatatu, 5 Agosti 1957. Uyole
Baridi kali. Nimejaribu tena mwendo wa chinjachinja uani, yule anayesemwa anawakamata watu awatoe damu ya kuuza. Jirani kacheka mpaka kakaa chini. Balaa la uso huu! Miaka yote nimewachekesha watu, sasa nataka waogope, hawataki. Bwana wa ofisi ya sinema kaniazima gari na kamera. Kasema nikileta kichekesho tena nisirudi kwake. Nimeamua: chinjachinja asionekane uso. Koti na buti tu. Atavaa Sanga, fundi mwashi, maana ni mrefu.

Alhamisi, 8 Agosti
Damu nimepata machinjioni. Ya kondoo. Simwambii mtu. Wakijua wataigiza, wasipojua wataogopa kweli. Binti wa kuigiza kaona chupa, katoka mbio, hajarudi. Nafasi yake nimempa mke wangu, Yusta. Kauliza damu ni ya nani. "We igiza tu," nimemwambia. Kaniangalia muda.

Jumamosi, 10 Agosti
Yusta ni moto! Anapita na ndoo njiani, koti linamfuata, anageuka. Mimi mwenyewe nywele zilisimama. Kumbe nimeoa mwigizaji.
Ila jioni nimemkuta nyuma ya gari na Msigwa, mpiga picha wetu. Wananong'ona Kihehe. Kuniona tu, kimya. Wote wawili ni wa Iringa. Mimi Mnyakyusa, Kihehe changu ni cha kuombea chumvi. Sijapenda.

Jumatatu, 12 Agosti
Tena. Safari hii kisimani. Nimeuliza wanaongea nini. Eti habari za nyumbani. Habari gani za nyumbani zinakatika mwenye nyumba akitokea? Na Yusta kahamishia mkeka wake jikoni. Anasema kifua kinambana, huko kuna joto. Hajakohoa hata mara moja. Mimi si mtoto.

Alhamisi, 15 Agosti
Tumemaliza kupiga picha. Yusta kapanda basi kwenda kwao Idodi. Hakuniaga. Mzigo wake kabeba Msigwa mpaka barabarani, nimewaona kwa macho yangu. Washenzi wawili! Ningempiga, ila kanda ziko mikononi mwake. Nimekula ugali wa jana, peke yangu.

Jumamosi, 9 Novemba. Iringa
Kanda zimerudi kutoka kusafishwa. Tumetundika shuka uwanjani, watu wamejaa. Hakuna aliyecheka. Hata mmoja! Wanawake walipiga yowe, bwana mmoja kaacha baiskeli kakimbia. Ndicho nilichokitaka. Nikavimba kichwa.
Halafu nikamtazama Yusta kwenye shuka. Koti liko kushoto kwake, linasogea. Yeye hatazami koti. Anatazama kando ya kamera, pale niliposimama mimi. Anatetemeka.
Mwisho wa picha nikamkaba Msigwa garini. Kasema, "Kaka, niache. Shemeji alikuwa akiniuliza kitu kimoja tu. Damu ile umemtoa nani, na zamu yake lini. Gari umepewa bure, kamera bure, atafikiri nini? Nami ningemjibu nini? Hata mimi ulinificha."
Nimemwachia. Nje watu bado wananipongeza. Nimefunga mlango wa gari.

Jumatano, 13 Novemba. Idodi
Baba mkwe kanipa kigoda, kaondoka. Nimemweleza Yusta yote. Kondoo, machinjioni, ujinga wangu, na wivu wangu pia. Alikuwa anapeta mchele. Hakuacha kupeta. Nimejaribu mzaha mmoja, ule wa padri na punda, ambao humvunja mbavu siku zote. Hakucheka. Kasema, "Nimesikia."
Kachemsha chai kwa sukari niliyoleta mimi. Kamimina vikombe viwili. Changu kanipa. Chake kakishika kwa mikono miwili, kakaa nacho, ananitazama mdomoni.
Nikaelewa. Nikanywa, moto vilevile.
Ndipo naye akanywa.