Vigae vya Ukingo wa Kaskazini

Jumamosi, 16 Septemba
Babu kanionyesha! Mimi! Sehemu zake zote za songi. Hapa kwetu mtu yuko radhi afe na siri ya uyoga huo kuliko kumwambia mwanawe. Baba hajawahi kuambiwa. Nikauliza, mbona mimi? Babu akacheka: "Baba yako glasi mbili tu za soju, mlima mzima uko mezani. Wewe huongei na mtu." Aibu yangu — leo ni sifa! Goti lake limekwisha. Akanikataza kuweka alama kwenye ramani za simu: "Kesho Seoul yote iko hapa na vikapu." Nikasema nitatengeneza ramani yetu, ikae humu nyumbani tu. Kwa nini nilisema? Sijui hata pa kuanzia.

Jumapili, 17 Septemba
Kompyuta kuukuu ya Mama, kando ya friji ya kimchi. Maelekezo yote Kiingereza. Seva ya ramani inakaa ndani ya kontena, boksi la programu lenye kila kitu, unawasha tu. Inakata ramani vipande vya mraba, vigae. Simu ikiomba kigae, inapewa. Ikagoma. Nikalifuta kontena nianze upya — na data yote ikaenda nalo! Kazi ya kutwa! Nililia chooni, bomba wazi, wasinisikie.

Jumatano, 20 Septemba
Imewaka!! Safari hii data nimeiweka nje ya kontena. Mlima wetu, na alama za Babu, nyekundu. Anwani nimeibandika juu ya kompyuta. Nikafungua na mlango wa seva kwenda nje, kwenye intaneti, niione nikiwa shuleni. Nimeiona!

Ijumaa, 22 Septemba
Seva huandika kila kigae kinachoombwa. Leo, niko kwenye mtihani, simu zimekusanywa — mtu kafungua ukingo wa kaskazini. Akavuta karibu, karibu, hadi kwenye alama ya Babu, msonobari juu ya mwamba. Nani?! Nimefunga mlango wa nje. Babu sijamwambia. Jioni kanipa songi ya kwanza: "Ya mrithi." Nikaisukuma pembeni ya bakuli. Baba akatania: "Mwacheni, kashiba siri."

Jumamosi, 23 Septemba
Babu hajarudi. Alipanda alfajiri, mvua imeanza, hapatikani. Nilikuwa nakaribia kusema zilipo sehemu zake, naapa — Baba akavaa mabuti. "Naenda ukingo wa kaskazini. Ule msonobari juu ya mwamba."

Baba! Kumbe ni Baba!

Hakunitazama. "Nilitaka kuona tu, mwanangu. Sijachuma hata mmoja." Akatoka.

Sasa hivi kapiga, anahema: "We Solbi, ramani imekuwa nyeupe tupu! Ukungu, sioni njia. Umefanya nini?"

Nilifunga. Nikimfungulia yeye, nimeifungulia dunia nzima. Siri ya Babu — na Babu mwenyewe yuko huko.

Nimefungua.

Vigae vinaombwa. Kijito. Kingine juu yake. Anapanda. Mama kasimama nyuma yangu, ananishika bega. Mwamba. Kigae chenye alama.

Haombi kingine. Kasimama hapo.

Simu haijalia bado —